Kufuli la Riali Mbili

Safari ya kwenda Unguja haianzi uwanja wa ndege. Huanza wiki nzima kabla, pale simu inapoanza kulia. Sijui nani huwapasha habari. Tiketi nakata usiku, anayejua ni mke wangu peke yake, lakini asubuhi shangazi yuko mlangoni petu Al Khoudh, Maskati, na mifuko yake: tende kilo tatu, kibati cha halwa, lubani ya Salala "wala haina uzito", na kanzu ya mjukuu ambayo lazima ikae juu isikunjike. Mchana wanakuja wengine. Kila mmoja anataka chake kikae juu. Sanduku langu lina juu moja tu.

Kwa hiyo ieleweke mapema kwamba sanduku ninaloliburura mpaka kwenye mzani si langu. Vilivyo vyangu humo ni suruali mbili, mswaki na dhamana. Kikipotea kitu, mwizi ataulizwa na Mungu. Mimi nitaulizwa na shangazi.

Ndiyo maana suala la kufuli nyumbani kwetu limegawa watu madhehebu matatu. Mke wangu ni wa kufuli. Mama mkwe ni wa kamba. Anasema fundo alilofunga mwanamke aliyetia udhu halifunguki ovyo. Jirani yetu, Muomani mzaliwa wa Bujumbura, ni wa nailoni. Huyo sanduku lake hulizungushia nailoni kuanzia magurudumu mpaka mkono, likatoka kama maiti ya Firauni. Safari iliyopita alifika Unguja akahangaika nusu saa kulifungua, kwa sababu mkasi ulikuwa umo ndani ya sanduku lenyewe.

Mama mkwe, akiachiwa, hata sanduku halitaki. Anataka furushi, kama zamani za meli. Nikamweleza kwa adabu kwamba viwanja vya siku hizi vina mikanda na mashine, na kitu cha mviringo hubingirika kikakwama. Dubai tangu tarehe 8 Machi 2017 wanakataa mzigo usio na upande ulio bapa. Akanitazama. "Mie siendi Dubai," akasema, akaendelea kukaza fundo.

Nikafuata dhehebu la mke wangu, kwa sababu ndiye ninayeishi naye. Nikaenda Ruwi, nikanunua kufuli la riali mbili, la namba tatu za kuzungusha, lenye alama ya almasi nyekundu. Mwenye duka akanihakikishia: "Hili Mmarekani kalikubali."

Kweli kalikubali, ila nilipofika nyumbani nikajua kalikubali kwa sababu gani. Baada ya Septemba 11, 2001, Wamarekani waliunda idara yao ya usalama wa usafiri, TSA, na tangu mwanzo wa 2003 kila sanduku linaloingia tumboni mwa ndege kwao hukaguliwa. Kufuli wasiloweza kulifungua hulikata. Ndipo yakatengenezwa makufuli yenye tundu la pili, ambalo ufunguo wake wanao wao. Yaani nimelipa riali mbili ili ofisa wa Chicago aweze kufungua tende za shangazi kwa nafasi yake, na mimi Chicago siendi. Na funguo zenyewe si siri tena. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilitoa picha yake, na mwaka uliofuata watu wakazitengeneza upya kwa mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Siku hizi anayekosa ufunguo wa sanduku langu nadhani ni mimi peke yangu.

Sifanyi mzaha. Safari ya kwanza na kufuli hilo, nilifika kwa ndugu zangu Kikwajuni nikiwa nimesahau namba. Sebule imejaa watu, kila mtu anangoja amana yake, nami nimepiga magoti mbele ya sanduku kama mtu anayeomba radhi. Nilijaribu mwaka niliozaliwa. Nilijaribu siku ya ndoa, mke wangu akiwa kwenye simu anasikiliza, na hilo lilikuwa kosa jingine. Namba tatu ni michanganyiko 1,000, nilikuwa nimefika 217 mpwa wangu aliposema, "Ami, hebu sogea."

Akachomoa peni mfukoni. Akaichoma katikati ya meno ya zipu, zipu ikaachia kama mdomo wa samaki. Kufuli limo palepale, limefungwa, linang'aa. Mtoto akatoa tende, akatoa kanzu, kisha akavuta vile vishikio viwili vilivyofungwa pamoja, akavipitisha huku na huku, zipu ikajifunga tena kama haijaguswa. Hajamaliza hata dakika moja. Nikamuuliza amejifunza wapi, akaniambia shule. Sikuuliza somo gani.

Usiku ule nilimkumbuka bibi. Alipohamia huku Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kuwaita watu wa asili ya Oman warudi, alikuja na kasha la mti, la misumari ya shaba, ambalo wenyeji hapa huliita mandusi. Ufunguo wake mrefu kama kidole, aliufunga kwenye pindo la kanga. Kasha lile likifunguliwa lilipiga kelele nyumba nzima ikajua, na halikuwa na zipu. Leo limekaa majlisi kwetu, juu yake pana maua ya plastiki, na madogo ya mfano wake wanauziwa watalii wa meli pale soko la Matrah. Sisi wenye makasha tunasafiri na makopo ya kitambaa.

Safari ya pili nilipata tiketi rahisi, ya kubadilisha ndege mahali ambapo sitapataja. Nilipofika Kikwajuni nikakuta kufuli limekatwa. Vipande vyake viwili vilikuwa vimewekwa kwa heshima ndani ya kiatu changu. Nikapekua. Tende zipo. Lubani ipo. Kanzu ipo, na imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Nakiri niliumia kidogo. Mtu anakata kufuli la riali mbili, anaona mali yako yote, kisha anaamua haimfai.

Ndipo dada yangu akauliza: "Na halwa ya shangazi?"

Wote wakatazama kufuli lililokatwa. Nami nikalitazama.

Mpwa wa peni, ambaye sasa ni mwanasheria wa ukoo, akawaka: lazima tudai! Mkataba wa Montreal wa 1999, Oman imo na Tanzania imo. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku saba. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia kimepanda, ni kama dola 2,000 kwa abiria. Nikamwambia halwa haifiki huko. Akasema ni suala la haki. Nikasema nimechoka na safari. Akaleta karatasi, akaandika kila kitu, akanipa peni, ile ile, nitie saini kwamba kibati kilikuwemo sandukuni nilipolikabidhi.

Sikutia. Wakasema nina moyo wa kusamehe.

Shangazi akapigiwa simu Maskati. Akamuombea mwizi dua ndefu, ya mikono yake, ya macho yake, na ya tumbo lake khasa, nami nikaitikia amin pamoja na wengine kwa kuwa simu ilikuwa kwenye spika. Tangu siku ile tumbo langu halijatulia sawasawa, na daktari haoni kitu.

Siku hizi sifungi kufuli. Nafunga kwa kipande cha kanga ya mama mkwe, kwa fundo lake, ili nilitambue sanduku kwenye mkanda. Cha thamani nabeba mkononi, na kila mfuko naupima mbele ya mwenyewe kabla hajaondoka mlangoni, kwa sababu usiku wa kuamkia safari ile mzani wa nyumbani ulisoma kilo 31 na tiketi ilisema 30. Ilikuwa saa sita za usiku. Kitu cha kilo moja kamili kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa juu kabisa.

Ilikuwa ya zafarani. Tuliimaliza mimi na mke wangu, kwa kahawa chungu, kabla ya alfajiri.