Andaa Mwakenya Kabla ya Kupanda Ndege

Umepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea amani baina ya dini na namna ya kupinga dhuluma bila kumwaga damu. Hongera. Sasa sogea karibu, maana ninalokuambia halimo kwenye fomu ya ufadhili. Kozi hiyo ina njia ya mkato, na inaanzia hapa hapa Maseno. Andaa mwakenya, ile karatasi ya kuibia mtihani: ingia darasani majibu yakiwa mfukoni.

1. Anza kunakili leo. Maseno iko kwenye ikweta, na kaunti mbili, Kisumu na Vihiga, zinaigombania. Profesa wako angelipa nauli aje apaone. Panda bodaboda hadi soko la Luanda, nunua omena, kisha usiondoke. Huyu anaongea Kijaluo, yule Kinyore, Kiswahili kinapita katikati. Hakosi kutokea mteja wa kulalamika kwamba gorogoro haikujaa. Tazama mkono wa mama muuzaji. Habishani wala hakiri kosa. Anachota omena kiganja kimoja, anamwaga juu, anauliza watoto hawajambo. Mteja anaondoka ametulia, na wiki ijayo atarudi. Andika kila alichofanya, kwa mpangilio wake. Ng'ambo somo hilo litakuchukua wiki nzima.

2. Chagua vizuri wa kumnakili. Mnakili Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Koo zilipokuwa zikiuana huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na akina mama wenzake walianzia sokoni: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Kutoka hapo wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha serikali. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na hadi alipofariki mwaka 2011 alikuwa akifundisha watu wa mataifa mengi. Mnakili pia Leymah Gbowee wa Liberia. Mwaka 2003 wanawake Wakristo na Waislamu walivaa nyeupe wakakaa uwanjani karibu na soko la samaki la Monrovia, juani na mvuani, wakidai vita viishe. Shahada yake ya uzamili kutoka Eastern Mennonite University, kule Virginia, ilikuja mwaka 2007. Kazi ilitangulia cheti. Nawe tanguliza kazi.

3. Jizoeze kushindwa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu kila mtu anapenda kushinda, hasa akizungumzia Mungu. Shindwa mapema, shindwa kwa adabu. Omba mwenyeji akupeleke Msikiti wa Jamia mjini Kisumu. Siku nyingine kaa na waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza miaka ya 1960 kwa kujitenga na Ukatoliki. Watafute waumini wa kanisa la Nomiya, ambalo mwanzilishi wake, Yohana Owalo, alipitia Ukatoliki na Uislamu kabla ya kushika njia yake. Kisha nenda Kaimosi, ambako Quaker walifika mwaka 1902 na imani inayokataa vita. Kote huko beba swali moja tu: "Sisi wa upande wa pili tukiwazungumzia ninyi, tunakosea wapi?" Halafu nyamaza. Utatamani kujitetea, meza hayo maneno. Kabla hujarudi nyumbani, eleza imani ya mwenyeji wako mbele yake. Akisema "naam, ndivyo tunavyoamini," umepita mtihani ambao wenye shahada wengi hawajaufanya.

4. Sifa uzitake, lakini zimalize haraka. Piga picha za theluji na koti jipya siku ya kwanza, uwatumie jamaa zako wote. Ukishashiba, weka simu mfukoni ukasome.

5. Kuna swali moja usilitafutie mkato. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wengi wa waliouawa hapa Kisumu walikufa kwa risasi za polisi. Utaulizwa darasani: mwenye bunduki akiwa ni serikali, mtu asiye na silaha afanye nini? Kabla hujaondoka, nenda ukawasikilize waliozika watoto, na wale waliowaficha majirani wa kabila lingine hadi barabara zikafunguka. Usiwarekodi bila ruhusa. Usiyageuze machozi yao kuwa insha ya kuombea pesa. Wanastahili mgeni anayekaa hadi chai ipoe, kisha anarudi tena bila daftari. Wakikuuliza unakwenda kusoma nini na kitawasaidiaje, jibu kwa ukweli. Kama huna jibu, ahirisha safari hadi ulipate.

6. Rudi. Najua utapewa kazi huko, na mshahara mnono. Lakini makubaliano ya kumaliza vurugu za uchaguzi huo, ya tarehe 28 Februari 2008, yalitiwa saini Nairobi. Mitaa ya Kondele na Nyalenda hapa Kisumu ilibaki kujitafutia amani yake yenyewe, nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo inataka watu wanaojulikana kwa majina, waliokuwepo kabla ya fujo kuanza. Kenya itapiga kura Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kata tiketi ya kurudi mapema kabla ya siku hiyo, na ukifika, uanzie sokoni Luanda.