Enzi Mezani

Kiti cha kulia chakula ni mgeni katika pwani ya Tanga, kwa kuwa katika nyumba nyingi wali wa nazi na samaki hupakuliwa katika sinia juu ya mkeka, mahali ambapo mlaji hawezi kuanguka kwa sababu amekwisha kuwa chini. Ndiyo maana fundi seremala anayeagizwa kubuni kiti cha kipekee hukimbilia mfano wa kiti cha enzi, yaani kiti cha fahari kilichotamba katika karne ya 19 kutoka Lamu hadi Zanzibar, chenye fremu ya mpingo iliyopambwa kwa pembe za ndovu, mgongo mrefu uliosukwa kwa kamba nyembamba, na kibao cha kuwekea miguu.

Kiti hicho kilibuniwa ili mgeni wa heshima aonekane, wala hakikukusudiwa ale. Kinapopelekwa mezani, mikono yake hugota kwenye ukingo wa meza na kumweka mlaji mbali na sahani, hata tonge likalazimika kusafiri juu ya kanzu nyeupe likidondosha mchuzi njia nzima. Kibao cha miguu humsubiri mpakuaji kwenye muundi. Nazo nakshi za mgongo hunasa buibui, hivyo mama mkwe anayeinuka kuaga huondoka na kiti.

Hata vipimo vikizingatiwa, yaani kikalio kiwe kama sentimita 45 kutoka sakafuni na meza kama 75, ubao nao una tabia zake. Msaji wa shamba la miti la Longuza, wilayani Muheza, ni mtulivu ukikaushwa vyema, lakini ubao mbichi husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo ulimi, yaani ncha iliyochongwa ili iingie katika tundu la ubao mwingine, hulegea, na kiti huanza kulia, aghalabu dua inaposomwa na watu wote wamenyamaza. Aidha, miguu mitatu hutulia popote, ilhali wa nne hutulia upendapo. Fundi hupunguza mmoja, kisha wa pili ili ulingane na wa kwanza, na kazi huendelea kwa uadilifu huo mpaka kidevu cha mlaji kinapokuwa usawa wa sahani.

Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo ni kikalio cha mbao kinachokunjwa chenye chuma cha meno kwa mbele, haikuwahi kutafuta upekee, kwani kila kipimo chake kimetokana na kazi ya mwenye kuikalia, na bado hakuna anayeifananisha na kitu kingine. Kwa kanuni hiyo, kiti bora cha kulia ni kile ambacho mlaji humaliza pilau bila kukikumbuka hata mara moja, sifa ambayo mteja, aliyelipa fedha nyingi ili kizungumziwe mtaa mzima, huiona kuwa ni sababu tosha ya kudai arudishiwe nusu ya malipo.