Mapunjo ya Mwalimu

Wenye steshenari tulisomeshwa na flashi kabla ya kusomeshwa na barua pepe. Mwanafunzi anachomeka flashi yake chuoni, anakuja nayo kwangu Sinza kuprinti risechi, tukiifungua tunakuta kila folda imegeuka shotikati: jina lilelile, picha ileile ya njano, ila chini pembeni kuna kimshale kidogo. Risechi yenyewe ipo, imefichwa tu. Ukibofya chenye kimshale, folda inafunguka vizuri kabisa, na kirusi nacho kinashuka kimyakimya kwenye kompyuta, kinasubiri flashi ya mteja atakayefuata. Kwa hiyo ukipita dukani ukaniona nimeinama, pua inakaribia kugusa kioo, usidhani macho yamekwisha. Natafuta vimshale.

Kiambatisho cha barua pepe hakina kimshale. Kina jina, nalo ni la kusoma hadi herufi ya mwisho. Kwa bahati mbaya Windows, ukiiacha ilivyokuja, huificha hiyo sehemu ya mwisho inayosema faili ni la aina gani. Ndiyo maana "Barua ya Ajira.pdf.exe" itajitambulisha kwako kama "Barua ya Ajira.pdf", na mtu aliyekaa mtaani tangu ahitimu hataanza kuihoji. Kompyuta yoyote ikiingia dukani kwangu, hata kabla ya kuwekewa Word, naiamuru kwanza ionyeshe majina kamili ya mafaili.

Ujanja huo si wa jana. Mei 2000 ulimwengu uliingizwa mjini na barua iliyoanzia Manila, Ufilipino, yenye kichwa "ILOVEYOU" na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu wengi waliona TXT wakadhani ni maandishi matupu. VBS, ambayo ndiyo iliyokuwa programu yenyewe, ilikuwa imejificha. Ukifungua, kirusi kinajituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu chako cha anwani cha Outlook. Yaani mtu ambaye bosi wake hajawahi hata kuitikia salamu yake, asubuhi moja anaambiwa na bosi huyohuyo kwamba anapendwa. Na anafungua! Aliyekitunga, Onel de Guzman, hakufungwa, kwa sababu Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kosa kama hilo.

Sina antivairasi ya kutisha, nina taratibu. Kiambatisho nakitazama kwanza ndani ya Gmail bila kukipakua, na kama ni cha kuprinti, mara nyingi naprinti kutoka hukohuko. Hati ya Word ikiniletea mstari wa njano unaoniomba niruhusu makro, siruhusu. Barua ya mwaliko wa harusi haihitaji makro. Tatizo langu ni wateja. Kuna mama alikuja kuchukua video ya sendofu ya binti yake. Gmail haibebi zaidi ya MB 25, kwa hiyo aliyeirekodi alikuwa ametuma linki ya Google Drive, na Drive haikagui virusi kwenye faili linalozidi MB 100. Likatokea onyo kwamba faili ni kubwa mno, Google imeshindwa kulikagua. Mama akalisoma taratibu, akanigeukia kwa imani yote. "Wao wameshindwa, mdogo wangu. Hebu jaribu wewe." (Nilimpigia kwanza mpiga picha, akathibitisha kuwa ni yake. Video ilikuwa salama. Siwezi kusema hivyo kuhusu mziki wake.)

Ila yote haya ni cha mtoto ukilinganisha na mapunjo, yaani pesa ambazo mtu alilipwa pungufu na bado anazidai.

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia akitabasamu kuliko kawaida. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia tufungue imeili yake haraka. Kulikuwa na barua kutoka kwa mwalimu mwenzake wa zamani, ina kiambatisho: "Orodha ya Malipo ya Mapunjo.zip". Mwili wa barua ulikuwa na mstari mmoja tu, wa kutoa nywila ya kufungulia hilo faili.

"Mwalimu, hili mimi silifungui."

"Kwa nini? Nywila si hiyo hapo?"

"Ndiyo shida yenyewe." Nikamweleza: ni boksi lililopigwa kufuli, halafu ufunguo ukabandikwa juu yake kwa selotepu. Kufuli hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwizi. Imewekwa kwa ajili ya antivairasi, kwa kuwa zip iliyofungwa kwa nywila haikaguliki ndani. Nikamwomba ampigie huyo mwenzake, tena kwa namba aliyonayo kwenye simu.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini ushauri wa "mpigie aliyekutumia" unasemwa kirahisi na watu ambao hawana wazee. Mwalimu hawezi kumuuliza mtu swali kabla ya salamu. Wakajuliana hali. Wakaulizana shamba, magoti, wajukuu, na wenzao waliotangulia mbele ya haki, mmoja baada ya mwingine, na pole kwa kila mmoja. Salio likakata wakiwa bado msibani. Nikatoka kununua vocha kwa hela yangu.

Simu ya pili ikaenda moja kwa moja, spika ikiwa wazi.

"Mwalimu, hivi ni wewe uliyenitumia orodha ya mapunjo?"

"Mapunjo gani tena? Na wewe? Tangu asubuhi watu wananipigia kuhusu mapunjo! Mimi yangu mwenyewe sijayaona. Mjukuu anasema kuna watu wameingia kwenye imeili yangu."

"Kwa hiyo hujatuma?"

"Sijatuma. Lakini ukiyapata, nishtue."

Nikahamisha kipanya kwenda kufuta. Mwalimu akaushika mkono wangu kwa upole, akasogeza kiti, akavaa miwani.

"Nimekuelewa, kijana. Ni wezi. Sasa hebu fungua kidogo, tuone wamenipangia shilingi ngapi."