Mume, Mke na Chungu: Maelezo ya Safari ya Ikombe

Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichojibanza kwenye rasi ndogo chini ya Milima ya Livingstone, katika kona ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, haikamiliki kwa chombo kimoja. Msafiri anayependa reli huanza kwa treni hadi Mbeya, huendelea kwa basi hadi Kyela, huhamia gari dogo la Matema, kisha humalizia kwa mtumbwi au kwa miguu; na ingawa kila chombo kina kero zake, ukiichunguza vizuri mikasa ya njia hii, yaani yale maudhi madogo yasiyoua mtu lakini yanayokumbushwa katika kila harusi ya ukoo, utaona kwamba mingi huzaliwa pale chombo kimoja kinapomkabidhi abiria kwa kingine. Msafiri wa peke yake hukosea akanyamaza. Mume na mke wakikosea huanza kutafuta nani alisema nini, alisema lini, na kwa nini hakusikilizwa.

Reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, na ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Wanahistoria wameiandika sana kwa sababu ya siasa zake, hasa haja ya Zambia kupata bandari bila kupita kwa Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia, na makaburu wa Afrika Kusini, lakini kwa wanandoa tarakimu zenye uzito ni nne na sita: chumba cha kulala cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili kina sita, na kwa desturi ya reli hiyo wanaume hulala na wanaume, wanawake na wanawake, isipokuwa pale wasafiri wanapolipia chumba kizima. Cheti cha ndoa hakisaidii kitu. Wanandoa wengi huujua utaratibu huu wakiwa tayari wamefika na mizigo iliyofungwa kwa imani kwamba watalala pamoja, na hapo hufanyika mgawanyo wa mali wa haraka ambao hata baraza la kata lingeuonea haya: kuku wa kukaanga, chumvi na vikombe huenda kwa mke, ilhali chupa ya chai, kisu na tiketi zote mbili hubaki mfukoni mwa mume. Saa saba za usiku mkagua tiketi anapogonga mlango wa akina mama, mke hujikuta akieleza kwamba tiketi yake iko kwa mume, mume yuko behewa la tatu, na chumba chake kimefungwa kwa ndani na wanaume watano wanaokoroma kwa zamu. Ushahidi wa namna hiyo hauna nguvu mbele ya mtu mwenye tochi.

Kuhusu muda, reli hii ni ya njia moja, maana yake treni zinazokutana hupishana penye stesheni tu, moja ikingoja kwenye reli ya pembeni hadi nyingine ipite, na kwa kuwa treni za mizigo nazo zina haraka zao, kungoja huko kunaweza kumtosha mtu kufua, kuanika na kuanua. Abiria aliyezoea treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kuwachukua watu kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na ambayo haimsubiri mtu aliyerudi nyumbani kuchukua chaja, huteseka zaidi kuliko mwenzake anayeijua reli ya kusini tangu utotoni. Ikumbukwe pia kwamba geji, yaani upana kati ya pau mbili za reli, ni milimita 1,067 kwa TAZARA, 1,000 kwa reli ya kati ya zamani na 1,435 kwa SGR. Na nchi iliyojenga reli za upana wa namna tatu haina haki ya kuwacheka mke na mume walioshindwa kukubaliana kama dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Treni hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako twiga na tembo huonekana kutoka dirishani. Tatizo la kisheria hujitokeza mmoja anapomwona tembo wakati mwenzake amelala chumba kingine, kwa sababu tembo wa namna hiyo hana shahidi, hukua kila anaposimuliwa, na kabla ya kufika Makambako, baada ya mahandaki mengi ya kati ya Mlimba na huko, huwa ameshafikia kundi zima lenye watoto.

Mbeya, karibu kilomita 850 kutoka Dar es Salaam, ndipo reli inapowaacha. Yenyewe hukunja kuelekea Tunduma na Zambia bila kujali kwamba ziwa liko upande mwingine, tabia ambayo si ya Afrika peke yake, kwani kule kaskazini mwa Norwei reli iliyofika Bodø mwaka 1962 iliishia hapohapo, na abiria anayetaka kwenda Narvik, mji wenye reli yake nyingine inayotokea Uswidi, hana budi kushuka na kupanda basi. Tofauti ni kwamba basi la huko huondoka kwa saa iliyoandikwa, wakati Coaster, basi dogo la stendi ya Nane Nane mjini Mbeya, huondoka ikijaa. Kujaa kwenyewe ni dhana inayohitaji maelezo. Wapo watu wanaokalishwa vitini na wapiga debe, yaani vijana wanaoita abiria kwa malipo, ili gari lionekane limebakiza nafasi mbili. Na mume na mke, wakifurahi kwamba hizo mbili ni zao, hulipa, huketi, kisha hushuhudia nusu ya gari ikishuka kwa utaratibu na kwenda kulijaza gari la jirani. Mke husema alijua. Mume huuliza kwa nini hakusema. Mke hujibu kwamba alisema, ila yeye alikuwa anajadili bei ya karanga dirishani.

Barabara ya kwenda Kyela kutoka Uyole, pembezoni mwa Mbeya, hupanda kwanza penye baridi kali pembeni mwa Mlima Rungwe, mlima wenye urefu unaokaribia mita 3,000, hupita Tukuyu kati ya migomba na mashamba ya chai, kisha huteremka hadi tambarare ya Kyela iliyo karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Wageni waliovaa makoti Mbeya kwa ushauri wa mmoja wao hufika Kyela wakiwa wameyakumbatia kama vifaranga, huku mshauri akitazama nje kwa makini yasiyo ya kawaida. Baadhi hawafiki Kyela kabisa, kwa kuwa barabara hugawanyika karibu na mpaka, na aliyeambiwa tu kwamba "hii inateremka chini" anaweza kujikuta Kasumulu, akizungukwa na wabadilisha fedha wanaomwonyesha vitita vya kwacha na kumhakikishia kwamba Malawi ni pale tu. Mtu anayeulizwa mara nyingi kama anavuka mpaka huanza kujishuku, na kisa cha mume aliyebadilisha shilingi ili kuepuka usumbufu kinaaminika kwa urahisi na yeyote aliyewahi kusimama pale.

Kyela yenyewe huwatuliza watu. Wali wa huko una harufu inayosifiwa hadi Dar es Salaam, kakao huanikwa kwenye nyua, na kama mbasa, samaki wa ziwani anayependwa kuliko wote, amepatikana siku hiyo, ugomvi wa makoti huahirishwa. Baada ya hapo hufuata gari la Matema kupitia Ipinda, katika nchi ya mito na mvua nyingi, ambako wakati wa masika abiria huombwa kushuka ili gari lipite matopeni, na wanandoa hugundua nani kati yao alivaa viatu vya kanisani.

Kutoka Matema milima huingia ziwani karibu wima, na kwa muda mrefu watu wa Ikombe wamekuwa wakitegemea mtumbwi kwa mizigo yao. Mtumbwi wa gogo moja lililochongwa hauruhusu watu kuketi bega kwa bega, bali mmoja mbele na mmoja nyuma, wala hauruhusu kugeuka ghafla, jambo linalomaanisha kwamba hoja yoyote iliyoanzia Kasumulu lazima isubiri nchi kavu. Nahodha wake huagiza kwa upole tu: "Mama, tulia hapo katikati. Baba, acha kuegemea." Ziwa chini yao lina vina vinavyofikia karibu mita 700, habari ambayo mume mwenye busara haitangazi safari ikiwa katikati, ingawa wenye busara hiyo ni wachache.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, na vyungu vyao, vinavyofinyangwa na wanawake kwa mikono, vikapakwa rangi nyekundu ya udongo na kuchorwa kwa nyeupe, kisha vikachomwa kwa moto wa wazi, husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo pale Matema, na kutoka hapo huenea Mbeya na mbali zaidi. Ubora wao haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni ukubwa, kwa sababu mke huja akiwa amepanga kununua chungu kidogo cha mchuzi, na mume, ambaye tangu Dar es Salaam amekuwa akilalamikia mizigo, huona mtungi wa maji unaomfikia kiunoni na kusema huu ndio utakaowanyamazisha mashemeji. Mfinyanzi mzee huutazama mtungi, humtazama mume, humtazama mke kwa huruma, kisha hutaja bei ambayo haijumuishi usafiri.

Ushauri wake wa bure hutolewa wakati wa kuagana, nao ni kwamba mtungi haupakiwi kwenye buti wala kufungwa juu ya keria, bali hupakatwa njia nzima. Katika gari la Ipinda, kwa hiyo, mume huketi dirishani na mtungi mapajani, kidevu juu ya mdomo wake, asiweze kuona mbele wala kufikia mfukoni kulipa nauli, huku konda akieleza kwamba kitu kinachochukua nafasi ya mtoto hulipa nauli ya mtoto. Mke anapofungua mkoba na kuuliza, kwa sauti inayosikika hadi kiti cha nyuma, huyo mtoto ni wa nani, mama mmoja aliyesimama mlangoni na mtoto halisi mgongoni huchukulia kwamba ameruhusiwa, humshusha mwanawe, na kumkalisha mapajani mwa mke hadi Kyela.