Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo, kuhusu maji ya Oklahoma

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, na nikijua kuwa muda wako ni mali ya taifa zima, naomba dakika chache kutoka hapa Runyenjes, ambapo misafara ya waheshimiwa hupita mbio ikielekea Meru. Sisi hupunga mkono tu. Vioo ni vyeusi, lakini haidhuru.

Michezo ya Olimpiki ya 2028 itakuwa Los Angeles, ila mashindano ya mitumbwi ya slalomu, yaani kupita kwenye malango ya nguzo, yamepangiwa Oklahoma City, kwenye mto wa kutengenezwa ambao maji yake husukumwa na pampu. Wanamichezo wetu wakipelekwa huko mapema, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Mto wa saruji una tabia zake na hausamehe mgeni: ukigusa nguzo ya lango unaongezewa sekunde 2, ukiliruka lango, 50.

Wajerumani wa Mashariki walilijua hilo kabla yetu. Slalomu ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Munich 1972, waliuchunguza mfereji wa Augsburg uliotengwa kwa mashindano hayo, wakarudi kwao Zwickau wakajenga unaofanana nao. Dhahabu zilikuwa 4, walizoa zote. Naomba uniwie radhi nikisema kwamba kilichowapa ushindi si safari ya Augsburg. Ni yale maji ya nyumbani.

Togo nayo ilipata medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa mchezo huu, shaba ya Benjamin Boukpeti, Beijing 2008. Tulifurahi Afrika nzima. Lakini Boukpeti alizaliwa Ufaransa; bendera ilikuwa ya Togo, maji ya Wafaransa.

Kenya ilimpeleka Samuel Muturi Paris 2024, naye ni zao la Tana, kule Sagana, ambako watalii hulipa pesa nzuri ili warushwe na mawimbi. Kwetu Embu kuna mito ya Thuci na Ena, inayoshuka kutoka Mlima Kenya kuelekea Tana hiyohiyo, bila pampu na bila bili ya stima. Sisemi kila kona yake inafaa. Nasema tu kwamba ingependeza mtaalamu wako mmoja, hata yule wa cheo cha chini kabisa, aje aikague.

Akiridhika, hatutaomba saruji. Tunaomba nyaya za kuvusha juu ya mto, nguzo za kijani na nyekundu za kuning'iniza, mitumbwi michache hata iliyotumika, helmeti, jaketi za kuelea, na kocha anayejua siku ya kukataza. Mvua za Aprili zikikolea, Thuci si ya kuchezewa. Na kabla ya hayo yote, watoto wafundishwe kuogelea, maana wengi wetu hapa mto tumefunzwa kuuogopa tu.

Wapo watu wasio na adabu ambao wakisikia safari ya timu hutaja kashfa ya fedha za Rio 2016, na hukumu ya mahakama ya 2021 dhidi ya aliyekuwa kwenye kiti chako. Mimi si mmoja wao. Nimewataja ili uwajue.

Ombi la mwisho, Mheshimiwa. Mtumbwi wa mchezo huu una urefu wa mita 3.5. Iwapo nafasi ya kwenda Oklahoma itabana, tunakusihi mtumbwi usiwe wa kwanza kushushwa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Runyenjes