Mzee Anasoma, Mwandikieni

Msyuu! Jamani, hili la televisheni linaniuma. Ikifika saa mbili usiku hapa Mamboya, wilayani Kilosa, tunajazana kwa muuza chipsi, na mzee wetu naye anavuta kigoda mpaka magoti yanagusa meza ya runinga. Masikio yamekwisha. Anaukodolea macho mdomo wa mtangazaji, kisha anamgonga mjukuu begani: "Kasemaje?" Mjukuu akijibu neno moja, habari nyingine imeshaanza.

Na mzee huyu anasoma! Ni zao la kisomo, kile Mwalimu Nyerere alichokivalia njuga hadi 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hata gazeti la kufungia vitumbua halimpiti. Mnaniambia kuna mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini. Vizuri, na abaki pale pale, maana kiziwi aliyekua na lugha hiyo anamtegemea. Ila aliyepoteza usikivu uzeeni ataijulia wapi? Huyu anataka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Wenzetu Kenya, sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilivitaka vituo viweke kimojawapo kwenye taarifa ya habari: alama au maandishi. Kituo kikishachagua alama, wazee kama huyu wameachwa njiani.

Tena chombo tunacho. Rimoti nyingi za ving'amuzi zina kitufe cha SUB. Maandishi husafiri pamoja na picha, anayeyataka anayafungua, asiyeyataka anayaacha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 kwamba televisheni za kuanzia inchi 13 ziwe na uwezo huo. Lakini kituo kisipoyatuma, bonyeza hadi kidole kiote sugu, hutoki na kitu.

Wala msiniambie kazi ni ngumu. Filamu zetu za Bongo ngapi zina Kiingereza chini ya picha ili mtu wa mbali aelewe? Wa mbali kaandikiwa, mzee wa Mamboya hajaandikiwa. Ah!

Na hapa kwetu habari si ya kujiburudisha tu. Kilosa ilikumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2009. Januari 2014 maji yakaikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale darajani Dumila. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, na saa hiyo hiyo mvua inapiga bati hata sisi wenye masikio mazima tunaambulia midomo inayocheza tu.

Wenye vituo waanze na taarifa ya habari na utabiri wa hewa. Mtangazaji anasoma maneno yaliyokwisha kuandikwa, yanapita kwenye kioo mbele yake. Hayo hayo, kwa Kiswahili hicho hicho, wayaachie yatufikie kabla ya masika.