Tumsifu Dalali

Wengine wawasifu wakulima wa pamba wa Simiyu, au wafugaji wa Meatu. Mimi namsifu dalali wa nyumba wa Bariadi, mtu asiye na ofisi wala bango, ambaye namba yake ya simu kila mtumishi aliyehamishiwa hapa anayo.

Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa. Tangu hapo wageni hawajaacha kushuka stendi na mabegi yao, kila mmoja na barua inayomwambia akaripoti kwa nani, bila kumwambia atalala wapi. Hapo ndipo dalali anapoingia kulitumikia taifa, bila semina wala posho ya mazingira magumu.

"Njoo tu bosi, nyumba zipo za kumwaga," aliniambia wangu kwenye simu. Nilipofika alinipandisha pikipiki, mafuta nikaweka mimi, na hela ya kuzungushwa nikatoa kabla ya kuzungushwa. Hairudi hiyo, upate nyumba usipate. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mpangaji wake, amekaa kibarazani anakula michembe, na hakuwa na habari kwamba anahama. Ya pili niliahidiwa kuwa ni selfu. Choo nikakikuta ng'ambo ya ua, nyuma ya mwembe, kina kufuli.

"Sasa hii ni selfu gani?"

"Selfu bosi. Si ufunguo unakaa nao wewe mwenyewe?"

Wenye chuki huita huo uongo. Mimi naona ni mtu aliyetangulia mbele ya wakati. Fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi za kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani ziliidhinishwa mwaka 2017; madalali wetu walikuwa wameshafungulia bomba kitambo. Ukiwauliza maji, yapo. Ukiuliza lami, inapita hapa hapa mbele. Umeme? Nguzo ile pale, na kweli nguzo unaiona, mradi uwe na macho mazuri.

Kwenye viwanja ndiko kipaji chake kinakochanua. Mwaka 2018 Nanenane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi, ikarudi tena 2019 na 2020, upande ule wote aliutazama kwa jicho jipya. Kwake shamba la pamba ni kiwanja ambacho bado hakijapata taarifa. Anasimama katikati ya matuta, anakuonyesha sebule ilipo, geti litakapokaa, hata mahali pa kuegesha gari usilokuwa nalo. Bikoni ukiuliza, atakwambia wapimaji wako njiani. Halafu ni mtu mnyenyekevu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na dalali hajawahi kubishana na hilo hata siku moja. Yeye anachodai ni asilimia kumi tu.

Mimi kiwanja sikununua. Nilipata vyumba viwili Malambo, kodi ya miezi sita mkononi, na mwezi mmoja juu yake wa dalali. Nilipoanza kuhesabu noti wakatokea vijana wawili ambao sikuwahi kuwaona. Mmoja ndiye aliyempa dalali habari za nyumba. Wa pili, nilivyoelewa, ndiye aliyempa habari huyo wa kwanza. Nao walitaka chao, na mama mwenye nyumba akatazama pembeni kama asiyehusika. Kampuni ngapi kubwa zinaweza kugawana mapato kwa uwazi namna hiyo, tena chini ya mwembe?

"Wabeja sana, bosi," dalali akasema, akizikunja zake. Kisha akanisogelea kwa sauti ya chini, kabla hata sijafungua mlango, akaniambia paa lile huwa linavuja masika, nikitaka kuhama nimtafute yeye, asije akanipata dalali tapeli.